Mbona Chawa Hurudi Kila Muhula? Siku Tisa Zenye Wazazi Wengi Hatuhesabu

Siku hizi ukitaja chawa mtandaoni, wasee wanafikiria wale wa wanasiasa na maceleb. Wale wa kubeba mkoba, kucheka hata kama mchekeshaji hajamaliza, na kutetea bosi kwa kila posti. Hao tumewazoea. Leo nabonga kuhusu wale wa ukweli, wenye miguu sita, wanaokaa kwa kichwa cha mtoi na hawajui hata bosi ni nani.

Muhula uliopita, mtoi wa sista yangu alirudishwa home mara tatu. Ako Grade 4. Mara ya kwanza alikuja na kikaratasi: ana chawa, asirudi mpaka asafishwe. Sista huuza nguo za mtumba, kwa hivyo siku moja ya kukaa na mtoi kwa keja ni siku moja bila doo. Akaenda kemisti, akanunua dawa, akaosha. Kesho yake mtoi akarudi darasani, kila mtu akasema hiyo story imeisha.

Wiki tatu baadaye, kikaratasi kingine.

Hapo mathe akaingilia kati na dawa ya enzi zake, mafuta ya taa. Mtoi akalia usiku mzima kichwa kikiwaka. Mara ya tatu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana. Alipelekwa kinyozi akatoka kipara, kwa darasa lenye wasichana wengi wamesuka matuta. Akaanza kuenda shule na marvin, jua likiwaka. Akaambiwa aitoe, watoi wakacheka. Kutoka hiyo siku, kila mangware tumbo lake linauma, na wikendi haliumi.

Hapo ndio nilikaa chini nikaanza kucheki hii kitu vizuri. Kitu kidogo kama mbegu ya simsim kinaweza kufanya mtoi achukie shule, na sisi watu wazima tunakipiga vita mara tatu na tunashindwa mara tatu? Kuna mahali tunakosea. Na kosa kubwa liko kwa kalenda.

Hesabu yenye tunaruka

Chawa wa kichwa ana maisha mafupi. Yai hukaa kama siku 7 hadi 9 ndio lianguliwe. Kachawa kakitoka, kanahitaji kama wiki moja hadi siku 12 kukomaa na kuanza kutaga. Mkubwa anaishi kwa kichwa kama mwezi mmoja. Jike anaweza kutaga mayai 6 hadi 8 kwa siku. Chukua wiki mbili tu za mayai 6 kila siku: tayari ni mayai 84, kutoka kwa chawa mmoja.

Sasa sikiza vizuri. Dawa nyingi za kawaida huua chawa anayetembea. Yai liko ndani ya ganda, limegundishwa kwa unywele kwa gundi yenye hata maji na sabuni haitoi. Dawa inapita juu yake na maisha yanaendelea.

Kwa hivyo ukiosha mtoi Jumapili, umeua wazazi na ukaacha mayai. Wiki moja na kitu baadaye, mayai yote yameanguliwa. Wiki ya tatu, hao wadogo wamekomaa, wanataga, na mtoi anajikuna tena. Unaapa ni watoi wa jirani wamemletea. Inaweza kuwa kweli, lakini mara nyingi ni wale wale wako, kizazi cha pili.

Ndio maana maelezo ya dawa kama permethrini husema urudie, na madaktari wa watoto hupendekeza karibu siku ya 9. Hiyo tarehe haikuokotwa tu. Kufikia hapo karibu mayai yote yameanguliwa, na wengi wa wadogo hawajaanza kutaga. Ni kadirisha kadogo. Ukikosa hapo, unaanza hesabu upya na chupa nyingine.

Sista alikuwa ameosha mara moja kila mara. Mara tatu za kuosha, na hakuna hata moja iliyokamilika. Kikaratasi cha shule kilisema asafishwe. Hakikusema arudiwe siku ya 9.

Kumrudisha home kunalinda nani?

Hapa ndio najua matichee wengine watanikunjia uso, lakini tusikizane.

Kujikuna kunaletwa na mwili kukataa mate ya chawa anapofyonza damu. Kama ni mara ya kwanza mtoi kupata chawa, mwili unaweza kuchukua wiki 4 hadi 6 ndio uanze kuwasha. Maana yake, siku tichee anapomuona akijikuna, huyo mtoi ameketi na wenzake, ameinamisha kichwa nao kwa kazi ya kikundi na ameshare nao dawati kwa zaidi ya mwezi. Kumtoa darasani saa nne mangware hakuokoi mtu. Kama angewapa, ashawapa.

Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, AAP, kimekuwa kikisema hivyo kwa miaka, na kwa mwongozo wake wa 2022 kimerudia: mtoi mwenye afya asifungiwe nje ya shule ju ya chawa au mayai. Amalize siku, aende home, atibiwe, arudi. Huko pia kulikuwa na shule zenye zilikuwa zinadai mtoi asionekane na hata yai moja ndio aingie. Shida ni kwamba ganda tupu linabaki limegundwa kwa unywele hata baada ya chawa kuisha. Yai lililo mbali na ngozi ya kichwa, zaidi ya nusu sentimita hivi, karibu kila mara limekufa au ni ganda tu. Kwa hivyo watoi waliopona walikuwa wanakosa masomo ju ya maganda.

Na kwetu, Katiba kifungu cha 53 kinampa kila mtoi haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sidhani walioandika walikuwa na maana ya kusema isipokuwa wenye chawa.

Mwalimu naye simlaumu kabisa. Ako na darasa limejaa, hakuna nesi, na wazazi wa wale wengine wanachemka kwa grupu ya WhatsApp wakitaka jina. Anatumia silaha moja aliyo nayo, mlango. Tatizo ni kwamba mlango hauui chawa.

Si uchafu

Hii ndio sehemu inaumiza familia. Chawa akipatikana, wasee wanaangalia mathe wa mtoi kama hajui kuosha. Ukweli ni kwamba chawa wa kichwa anafuata damu na joto. Kichwa kilichooshwa jana kinamfaa sawa tu na kile hakijaoshwa wiki mbili. Haruki, hapai, anatembea tu, kutoka unywele hadi unywele. Njia yake kubwa ni kichwa kugusana na kichwa.

Sasa angalia vile watoi wa Nairobi wanaishi. Kitanda kimoja watoi watatu. Gari la shule lenye limepangwa kama mkate, mmoja kwa mapaja ya mwingine. Dawati moja, kitabu kimoja, vichwa vinne. Bweni lenye vitanda vimeshikana. Jioni kwa ploti, simu moja na watoi sita wamekunja shingo kuangalia katuni. Huo ni msongamano, hata mkioga mara tatu kwa siku.

Akianguka kwa kichwa, chawa hupata njaa haraka na hufa ndani ya siku moja au mbili. Kofia, chanuo na taulo za kushare zinaweza kumbeba, ila si njia yake kubwa. Kwa hivyo ile kuchoma godoro na kupuliza dawa kwa nyumba nzima ni kupoteza ganji na kuvuta sumu. Osha kwa maji moto sana shuka na nguo alizotumia siku mbili zilizopita, anika kwa jua. Kile hakioshwi, kifunge kwa karatasi ya plastiki wiki mbili. Basi.

Kuna wale pia husema nywele za Mwafrika hazishiki chawa. Hiyo imetoka Marekani, kwenye watoi weusi hupata chawa kidogo kuliko wenzao, na maelezo moja ni kwamba makucha ya chawa wa huko yamezoea kushika nywele za umbo lingine. Chawa wa hapa wamezoea nywele za hapa. Usijiliwaze na hiyo.

Kitu kimoja cha kutuliza roho: chawa wa kichwa hajulikani kuambukiza magonjwa. Yule wa kubeba homa mbaya kama taifasi ni chawa wa nguo, mwingine kabisa. Hatari ya huyu wa kichwa ni kukosa usingizi, vidonda vya kujikuna vikiingia uchafu, na aibu. Kwa mtoi wa Grade 4, aibu ndio inauma zaidi.

Kwanza hakikisha ni chawa

Mtaani watu huchanganya chawa na mashilingi. Mashilingi, yale madoa ya duara yenye nywele imekatika na magamba, ni fangasi. Dawa ya chawa haitayafanya kitu hata ukimwaga chupa tatu. Mashilingi ya kichwa huhitaji dawa ya kumeza ya wiki kadhaa, kama griseofulvini, na daktari ndiye anaandika. Kupaka tu juu hakutoshi, ju fangasi imeingia ndani ya shina la unywele.

Mba nayo huanguka ukiipuliza. Yai la chawa halianguki. Linang'ang'ana kwa unywele, hasa nyuma ya masikio na kwa kisogo, karibu na ngozi. Ukiona hilo, au kadudu kanakimbia mwanga, hapo sasa ni chawa. Usiende kununua dawa ju umesikia darasani kuna chawa.

Dawa za mtaa zenye zinaweza kuzika mtoi

Hapa sitaki jokes. Kwanza ni mafuta ya taa. Yanachoma ngozi, yakivutwa yanaharibu mapafu, na yanashika moto. Mtoi mwenye mafuta ya taa kwa nywele, kwa keja ya chumba kimoja yenye jiko na mshumaa, ni ajali inangoja.

Pili ni dawa ya kupe ya ng'ombe na zile za kunguni na mende. Kuna watu huzichanganya na maji wakaosha kichwa. Ngozi ya kichwa inafyonza, zaidi ikiwa na vidonda vya kujikuna. Baadhi ya hizo dawa hushambulia mfumo wa neva, wa mdudu na wa binadamu pia. Mtoi akianza kutoa mate mengi, kutapika, kutetemeka au kupumua kwa shida, mvue nguo, muoshe kwa maji mengi na sabuni, na mkimbize hospitali na chupa ya hiyo dawa mkononi. Usingoje asubuhi.

Tatu ni vidonge vya ivermectini vya kununua kwa dirisha. Ni dawa ya kweli na madaktari huitumia chawa wakikataa kuisha, lakini kipimo chake ni kwa kilo za mwili, na mtoi wa chini ya kilo 15 kwa kawaida hapewi. Hiyo acha daktari aamue.

Na hata permethrini si muujiza. Ni sumu iliyotengenezwa kiwandani kwa kuiga pareto, lile ua jeupe wakulima wa Nakuru na Nyandarua walilima mpaka Kenya ikawa mzalishaji mkubwa duniani. Marekani na Ulaya, chawa wengi wamejifunza kuishi nayo. Ukitumia vile imeandikwa na bado chawa wanatembea na nguvu zao siku inayofuata, usiongeze dozi. Badilisha mbinu.

Kipara je?

Tusidanganyane, kunyoa kunafanya kazi. Chawa bila nywele hana pa kushika wala pa kutaga. Shule nyingi za umma hunyoa watoi wote na hapo hakuna mtu anachekwa ju wote wako sawa. Ngori inaanza wakati kipara kinakuwa adhabu ya mtoi mmoja, yaani tangazo la kutembea kwamba huyu ndiye.

Ukichagua kunyoa, mwambie mtoi kwanza, na wembe uwe mpya. Mashine ioshwe na dawa, ju mashine chafu ya kinyozi ndio moja ya barabara kuu za mashilingi. Na kumbuka kipara cha mmoja hakitibu wenye wanalala naye. Kama ndugu zake wana nywele na chawa, watamngoja zikimea.

Nywele Kenya pia si kitu ya kuguswa ovyo. 2019 Mahakama Kuu iliamua mwanafunzi Mrastafari aliyekuwa amefukuzwa na shule moja ya Kibera ju ya dredi arudishwe darasani na dredi zake. Kesi yake ilikuwa ya imani, hii ya chawa ni ya afya, lakini zote zinauliza swali moja: nani ana mamlaka juu ya kichwa cha mtoi, na anayatumia kwa heshima gani?

Serikali iko wapi?

Kwa minyoo, Kenya ilionyesha inaweza. Kuna mpango wa kitaifa wenye unapea watoi dawa wakiwa shuleni, wote kwa siku moja, bila kuuliza nani ako nayo. Hakuna mtoi hurudishwa home ju ya minyoo. Wazo lilikuwa simple: ukitibu mmoja mmoja, wengine wanamrudishia.

Chawa wanafuata sheria hiyo hiyo, lakini hapa tumemwachia kila mzazi apigane kivyake, kwa wiki yake, na dawa yake. Darasa la watoi 50 likitibiwa kwa wiki 50 tofauti, chawa hawataisha milele. Wanahama tu dawati.

Ganji ni swali, najua. Mgao wa serikali kwa mtoi wa primary ya umma ni shilingi 1,420 kwa mwaka, haifiki bob nne kwa siku, na mara nyingi hufika imechelewa. Hapo huwezi toa nesi. Lakini si lazima tuanze na nesi. Tangu Septemba 2023 tuna wahudumu wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja na nyumba kama 100 za kutembelea. Nairobi, Dishi na County imeonyesha watoi wa shule za umma wanaweza kupangwa foleni kila siku na kulishwa kwa bob tano. Kuweka chanuo cha meno membamba kwa mkoba wa mhudumu, na ratiba ya siku mbili kwa kila muhula, siku ya kwanza na siku ya 9, shule nzima pamoja, hakuhitaji bajeti ya bwawa. Kinachohitajika ni mtu mmoja ofisini aone chawa kama jambo la afya ya shule, badala ya aibu ya mama fulani.

Ratiba yenye ilitufaa

Kabla hao waamke, fanya hivi.

Siku ya 1: angalia vichwa vya wote wanaolala pamoja, na wewe mzazi ukiwemo. Wenye chawa hai watibiwe siku hiyo hiyo, si mmoja leo na mwingine wikendi. Fuata maelezo ya dawa, usiichanganye na nyingine. Kama nywele zimesukwa, fumua kwanza. Dawa haifiki ngozi ya kichwa ikipitia wivi.

Siku ya 1 hadi ya 14: kila baada ya siku tatu, lowesha nywele, paka kondishona au mafuta mengi, chana kwa chanuo lenye meno yamebanana sana, kutoka ngozi hadi ncha. Kila mara pangusa chanuo kwa tishu nyeupe uone kile kimetoka. Kama huna doo ya dawa, hii peke yake inaweza kumaliza kazi ukiwa mvumilivu na usiruke siku.

Siku ya 9: rudia dawa, hata kama hajikuni. Hii ndio siku sista alikuwa anaikosa.

Siku ya 14: angalia tena. Hakuna kinachotembea? Umeshinda. Maganda yakibaki, ni takataka tu. Bado kuna chawa hai? Dispensari, na useme ulitumia dawa gani na siku gani.

Na mwambie mwalimu. Najua inauma, lakini ukinyamaza wewe, mwenzako akinyamaza, chawa ndio watakuwa na raha.

Sisi tulifanya hivyo likizo. Sista aliandika tarehe kwa ukuta na chaki, karibu na mita ya stima mahali hakuna mtu anaweza sema hajaona. Siku ya 9 alikuwa amechoka, ametoka soko saa mbili usiku, akasema ataosha kesho. Mtoi mwenyewe akamletea chupa na taulo, akakaa chini mbele yake. Hakusema kitu, aliinamisha kichwa tu.

Nywele zinamea sasa. Marvin iko chini ya kitanda, na Jumatatu tumbo halikuuma.